Saa za Jicho la Juu

Kuluba, 20 Novemba 2024

Kwako Jovia Drateru, mtoto wa dada yangu,

Salamu zikufikie hapo Arua kabla vumbi la barabara halijazila. Sisi hapa wazima. Mama Rejoice anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo. Rejoice mwenyewe amemaliza mitihani na sasa anaamka saa tatu kana kwamba ni mke wa waziri. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Mwambie mama yako Viktoria kwamba kaka yake yuko hai na bado anasubiri simsim aliyoahidiwa tangu Pasaka.

Unauliza kwa nini sikupigii. Mtandao uko juu ya kilima tu, na nikifika kule pumzi imeisha na maneno nimeyasahau. Tena mimi nilikuwa karani wa tumbaku miaka kumi na saba. Mambo ya maana siyasemi kwa kidole gumba. Kikakwa cha mama yako hukukishika, Kilugbara cha baba yako kinanishinda mimi, basi tubaki na hiki Kiswahili nilichorudi nacho kutoka Kongo tulipokuwa wakimbizi. Ramathan wa pikapu ya nyanya atatupelekea barua, naye hatudai kitu.

Koti la njano na simu ya hiyo kazi yenu ya ulinzi wa moto vimefika. Kijiji kizima kinaniita Bwana Moto. Ujumbe wenu wa kwanza ulikuja Jumamosi nikiwa kilimani: moto, shamba la chini, karibu na mto. Nikakimbia na panga na matawi, koti linanipepea mgongoni, nikamkuta Night Poni anachoma mabua yake. Unamkumbuka, yule mjane wa Sudani Kusini niliyemwazima shamba la chini miaka mitatu iliyopita. Alikuwa amelima ukanda mtupu pande zote, na madumu mawili ya maji yako tayari. Akaniuliza kama nimekuja kuoa. Nikarudi nyumbani na panga langu.

Jambo moja nataka kujua, kwa ajili ya kazi. Hilo jicho lenu la juu linapita saa ngapi? Au linatazama muda wote kama Mungu?

Mjomba wako,
Yengi


Arua, 3 Desemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Nimecheka mpaka Enoch, bosi wangu, akaja kuuliza kuna nini. Sisi wazima. Mama mguu unamsumbua, lakini Jumapili alitembea hadi kanisani Adumi na kurudi, akamsema mchungaji njia nzima. Kuhusu simsim, anasema utaipata ukija kuichukua mwenyewe, kwa sababu dada si soko.

Sasa swali lako. Wa kutazama muda wote ni Mungu na Mama Rejoice. Setilaiti zetu ni tatu, zinafuatana. Huku kwetu zinapita mchana kati ya saa saba na nusu na saa tisa na nusu, na usiku saa hizo hizo. Zikipita, kila penye joto kali panakuwa nukta nyekundu kwenye ramani yangu. Mimi naangalia nukta iko kijiji gani, kisha natuma ujumbe kwa mlinzi wa moto wa hapo, yaani mtu kama wewe. Kati ya hapo hatuoni kitu. Moto ukiwashwa saa kumi na kuzimwa kabla ya saa sita usiku, kwangu haukuwahi kuwako. Ndiyo maana tunahitaji walinzi wenye macho yao na miguu yao.

Mjomba, hujui ninavyojivuna ofisini. Wengine wameleta vijana wa vyeti. Mimi nimemleta mzee mwenye mwandiko mzuri, na Enoch anasema taarifa zako ndizo anazozielewa kuliko zote.

Mpwa wako,
Jovia


Kuluba, 22 Januari 2025

Kwako mwanangu Jovia,

Heri ya mwaka mpya, ingawa mwaka wenyewe umeshachakaa. Kikohozi cha Mama Rejoice kimepona. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa.

Habari kubwa ni kwamba matanga ya kaka yangu Marino yamekwisha hatimaye. Unajua kwa ukoo wetu mjane hatolewi matanga mpaka iliwe nyama ya pori la ukoo wenyewe, si ya buchani. Emilia wa watu amekaa miaka mitatu na kamba ya matanga shingoni, hawezi kucheza ngoma, hawezi hata kwenda arusi ya mwanawe mwenyewe. Mimi ndiye mwenye kufungua pori hilo kwa uwindaji, baba aliniachia, na kila kikao wazee walikuwa wananitazama mimi. Sasa amenyolewa. Alilia kwa furaha, nami nikalia.

Nyama ilipatikana. Vijana wana mbwa wazuri. Ramathan anakuletea ndezi wawili waliokaushwa, mmoja wako, mmoja wa mama yako.

Utakuwa umeona kwenye ramani kwamba tulipata moto usiku wa tarehe 16. Umekula nyumba mbili za Night Poni na ghala lake la mtama, na mitiki yote ya shule. Watu wamesalimika. Ujumbe wako niliupata alfajiri kilimani.

Msalimie mama.

Yengi


Arua, 4 Februari 2025

Mjomba,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama amefurahi mno kwa ajili ya Emilia, na ndezi wake aliwapikia majirani akiwahadithia ukoo wenu mpaka sufuria ikakauka. Mimi wangu nilimpika na siagi ya karanga. Nilikula kwa siku mbili. Ahsante, mjomba, sijala kitu kitamu hivyo tangu nikiwa mtoto.

Nimesikitika sana kwa Night Poni. Anakaa wapi sasa na wale watoto?

Enoch ananidai taarifa kamili ya moto huo kwa sababu ya miti ya shule. Nukta zetu za usiku zimeangukia zote kwenye shamba la chini, kwake. Lakini wewe unajua, maana nilikufundisha mwenyewe: nukta inasema moto ulikuwa wapi saa ile, haisemi ulianzia wapi. Kwa hiyo naomba unijibu mambo mawili tu. Jioni ya tarehe 16 upepo ulikuwa unatoka upande gani? Na kuna mtu yeyote aliyeona moshi kabla ya usiku?

Nijibu upesi.

Jovia


Kuluba, 20 Februari 2025

Kwako Jovia,

Tuko wazima. Jua kali, kisima cha juu kimebaki tope. Rejoice anataka kwenda kusomea uuguzi. Nimemwambia aanze na miguu yangu. Mama yako umwambie nitakuja kuchukua ile simsim baada ya mvua.

Kikao cha kijiji kimefanyika kuhusu mitiki ya shule. Mwenyekiti aliniita mbele kama mlinzi wa moto, na koti langu. Akaniambia nisome ujumbe uliotoka Arua. Nikasoma kama ulivyoandikwa: moto, shamba la chini, saa saba na dakika hamsini usiku.

Mwenyekiti akasema, "Nyinyi nasikia? Hata jicho ya juu iko nasema moto ilitoka kwa mama ya Sudani."

Night Poni akasimama. Akasema, "Mimi hapana washa. Moto ilinikuta nalala na watoto. Kama mimi iko nadanganya, hii udongo inikule." Akainama, akachota udongo, akautia mdomoni mbele ya watu wote, akameza.

Imeamuliwa aondoke shamba la chini kabla ya mvua za kupanda. Ameshahamia kwa dada yake, kambi ya wakimbizi ya Lobule.

Mambo ni hayo. Mbuzi yuko salama.

Yengi


Arua, 10 Machi 2025

Mjomba,

Wote wazima. Sitaandika mengi ya nyumbani leo, nisamehe.

Nilikuuliza upepo, ukanijibu mbuzi. Nilisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno upepo. Halafu nikaelewa kwamba hukusahau, maana wewe karani hujawahi kusahau kujibu swali.

Ngoja nikuambie kitu ambacho sikukufundisha. Zaidi ya zile setilaiti za nukta, iko nyingine inayopita kila baada ya siku chache na kupiga picha ya ardhi yenyewe. Moto hauoni, lakini inaona palipoungua. Nilifungua picha yake tarehe 12 Februari. Kovu ni jeusi na liko wazi kama masizi kwenye ukuta mweupe. Limeanzia mahali pembamba, kisha likapanuka kufuata upepo, likavuka mto, likafika kwa Night Poni likiwa limeshakuwa pana. Pale pembamba si shambani kwake. Ni pori la ukoo wenu, pale unapofungulia wewe.

Naona aibu kukuandikia hivi, mtoto kumwandikia mjomba wake. Lakini aibu yangu kubwa ni nyingine. Tangu tarehe 12 najua. Nilipoandika taarifa, kwenye mstari wa chanzo niliweka "hakijulikani", kisha nikaiacha ile picha ndani ya kompyuta na kuifunga. Enoch akasaini. Barua yako ya kikao ilipokuja nilikuwa nimeshasaini na mimi. Mtu amekula udongo kwa sababu ya ujumbe wangu, na mimi nilikuwa na picha ya kumtetea.

Na saa za setilaiti, ni mimi niliyekupa. Nilikuwa najigamba. Halafu ukaniletea nyama, nikashukuru.

Ijumaa tarehe 28 Machi maofisa wanakutana na kijiji chenu kuhusu miti ya shule. Nitakuja na picha. Nakuomba, mjomba, kabla sijaifungua, sema wewe kwanza. Sitaki watu wakujue kupitia kwangu.

Jovia


Kuluba, 30 Machi 2025

Jovia,

Salamu.

Barua yako niliipata tarehe 15, nikaiweka ndani ya Biblia, nikaiogopa Biblia wiki nzima. Mama Rejoice akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Ni kweli. Niliwasha mimi, nyasi ziungue wanyama watoke. Saa kumi na dakika kumi jioni. Dakika hizo nazijua kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye jiwe natazama saa ya mkononi, nasubiri jicho lako lipite na liende zake. Vijana wanaharakisha, mbwa wanalia, mimi nasema ngojeni, bado. Nilijiona mjanja. Nilivua koti la njano nikalikunja, nikawasha. Upepo wa kaskazini-mashariki huwa unalala jioni. Siku ile haukulala. Tulipata ndezi kumi na wanne. Tukaupiga moto kwa matawi hadi ukafa, tukaenda kugawa nyama. Haukufa. Kisiki kimoja kilibaki na moto tumboni, na mto ulikuwa mkavu, na huko ng'ambo nyasi za Poni.

Niliposoma ujumbe ule kikaoni, kila neno lilikuwa kweli, ndiyo sababu lilisomeka vizuri. Alipoinama kuchota udongo nilitazama viatu vyangu. Mimi, Jovia, ambaye miaka sita nilikula muhogo wa shamba la Mkongo ambaye sikujua hata jina la ukoo wake, na hakuna siku aliyoniita mgeni.

Sasa sikia ya Ijumaa. Maofisa walikuja. Nilikuwa nimefua koti. Nilikutafuta kwa macho kwenye gari lao, hukuwemo. Nikasema labda anakuja na Ramathan. Ramathan akapita na nyanya zake. Nikaona kama nitakungoja, sitasimama tena mpaka nife. Nikasimama. Nikasema, "Moto ile ni yangu. Mimi ndio niliwasha pori, jioni. Night Poni hana kosa."

Halafu, mwanangu, watu wakacheka. Si kicheko kibaya, cha huruma, kama wanavyomcheka mlevi. Mwenyekiti akasema, "Mzee, kaa chini. Wewe moyo yako iko laini kwa hii mama. Jicho ya juu ilisema kwa Sudani, wewe mwenyewe ulisoma." Nikatazama wale vijana wa mbwa. Mmoja baada ya mwingine wakatazama kando. Mzee mmoja, ambaye alikula mguu mzima, akaninong'oneza, "Wewe nataka nini? Nyama ile sisi yote tulikula." Ndipo nikajua kwamba kijiji kizima kinajua, kilijua tangu siku ile ya kikao. Walikuwa wananicheka ili nisiwataje.

Ofisa akaniuliza kama nina ushahidi. Nikasema upo Arua. Akaandika kitu, akafunga daftari.

Sikulaumu. Mimi nilikaa wiki kumi, wewe umekosa siku moja. Lakini mvua imeanza kunukia, na shamba la chini wameshaanza kuligombania.

Yengi


Arua, 9 Aprili 2025

Mjomba,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa. Mama hajambo, lakini tangu juzi, nilipomwambia nampelekea Enoch picha, hatusemeshani.

Ile Ijumaa nilifika stendi. Picha ilikuwa ndani ya bahasha kubwa, nauli mkononi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemwambia mama ukweli, akaniambia, "Utampeleka kaka yangu polisi kwa karatasi? Nani alikusomesha?" Maana ni wewe uliyenilipia shule, mjomba, kwa tumbaku yako. Lakini nisijifiche nyuma ya mama. Niliogopa pia kazi yangu. Nilisimama pale mpaka gari la tatu likaondoka, nikampigia Enoch nikasema naumwa tumbo. Kisha nikaenda sokoni nikanunua viazi, kana kwamba ni siku ya kawaida.

Barua yako nilipoisoma nilitamani ningekuwa mtoto ili nichapwe yaishe. Wewe ulisimama peke yako kwa sababu nilikuambia nitakuja. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, na aliyeumbuliwa ni wewe.

Jana nilimpelekea Enoch picha na tarehe niliyoifungua. Akauliza, "Jovia, hii ulikuwa nayo wakati nasaini?" Nikasema ndiyo. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Tumeandika taarifa upya. Chanzo: pori la uwindaji, kaskazini-mashariki mwa mto. Chini yake nimeandika kwa jina langu kwamba picha ilikuwepo na mimi ndiye niliyeizuia. Barua ya onyo nimepewa, na Enoch sasa anapitia kila ninachotuma.

Jumatano tarehe 16 nakuja kwa gari la ofisi. Safari hii funguo za gari anazo Enoch, kwa hiyo hata miguu yangu ikikataa, gari litafika.

Jovia


Kuluba, 6 Mei 2025

Kwako mwanangu Jovia,

Salamu nyingi kutoka hapa. Mvua imeshika vizuri, mahindi yamefika gotini. Mama Rejoice hajanisamehe kwa kumficha, lakini chakula ananipa. Emilia alikuja akanishika mkono akalia, anasema kama angejua angekaa na kamba ile mpaka kaburini. Nikamwambia kosa si la kamba. Na mama yako amenitumia simsim debe zima, bila neno. Nafikiri msemeshe sasa.

Tangu uondoke mambo yamekwenda hivi. Wewe uliona mwenyewe jinsi watu walivyotazama chini ulipobandika picha ukutani mwa shule na kuweka kidole pale pembamba. Hukuona kilichofuata. Wale vijana wa mbwa walikuja kwangu jioni ile, wakakaa uani, kisha mmoja akasema wataenda polisi pamoja nami. Tulienda watu tisa. Polisi wametuandika, tutaitwa. Miti ya shule tutaipanda upya, mia mbili, kila mwenye kula nyama na yake ya kumwagilia. Koti na simu nimevirudisha kwa mwenyekiti. Amevipokea bila kunitazama, na mimi sikumtazama. Shamba la chini limerudi kwa Night Poni, imeandikwa. Nyumba tulitaka kumjengea mara moja, lakini nyasi za kuezekea hazipo, tulizichoma wenyewe. Tumeweka turubai kwa sasa.

Jumapili nilikwenda Lobule kumwambia. Nilikwenda kwa miguu. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, ya Biblia na ya wazee. Nikamkuta anapukuchua mahindi kwa dada yake. Akanipa kiti, akaendelea kupukuchua. Nikamwambia yote, hata saa kumi na dakika kumi, hata kwamba nilisubiri jicho lipite.

Aliuliza swali moja. "Siku ile mimi nakula udongo, wewe ulikuwa najua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua."

Akachukua hindi jingine. Maneno yangu yote ya njiani yakaisha hapo hapo, nikabaki nimeshika kofia. Nimeishi miaka sitini na nane, Jovia, na sijawahi kujisikia mdogo kiasi kile, hata siku tulipovuka kwenda Kongo bila viatu.

Baadaye akaniletea maji. Akasema, "Kunywa. Njia iko mrefu." Nikanywa. Kisha akasema, "Shamba nitalima, sababu watoto nakula. Kulala pale, hapana." Nikasema nimesikia. Nikasimama kuondoka.

Akaniita. "Na ile simu ya moto, nani iko nayo sasa?"

Nikamwambia nimeirudisha, hakuna aliyechaguliwa bado, watu wanaiogopa.

Akasema, "Ilete kwangu. Moto ikikuja, mimi nataka kujua mbele ya nyinyi kukaa kikao."

Nilimweleza mwenyekiti jana. Alitaka kukataa, akakumbuka picha, akakubali. Simu atapelekewa leo. Lakini mtandao wa simu ile hapo Lobule ni mbaya, kwa hiyo anataka ujumbe uje kwenye namba yake mwenyewe pia. Siku ile ya Lobule nilimwambia Poni kwamba wewe una huzuni sana, kwamba unatafuta namna ya kumwandikia umwombe msamaha, na kwamba ningeweza kumsomea. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwambie huyo binti anitumie habari ya moto. Habari ya pole, hapana."

Nilitoa karatasi hii, ikiwa bado tupu, niiandike namba yake. Alichukua kalamu mkononi mwangu akaiandika mwenyewe, hapo chini.

Mjomba wako,
Yengi